Kijitu Kwenye Kioo cha Telefone

Solange mwanangu,

Umeshuka Kamembe kuagana na wenzako wa kwaya, maman yako yuko nyuma ya nyumba anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, za safari, na mimi nimebaki hapa mezani na daftari la miraba. Telefone yako iko mbele yangu inakula chaji. Jua bado liko juu ya milima ya Kongo, kwa hiyo nina kama saa mbili kabla hujarudi. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako, chini ya lile koti jekundu, uikute huko unakokwenda. Nikikupa mkononi utaisoma nikikutazama, na hilo siliwezi.

Usicheke mwandiko. Shule yangu unaijua, iliishia mwaka wa tano wa msingi. Siku zote nimewaambia kwamba niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa hana tena cha kunifundisha. Hiyo tuiache kwanza, kuna uongo mkubwa zaidi ya huo ninaotaka kuutoa leo, na nikianza kuutoa wote daftari halitatosha.

Mambo ya kula, ya kuvaa sweta, ya kutokopesha watu usiowajua, maman yako ameshakuambia, na kesho atayarudia dirishani mwa basi mpaka dereva apige honi. Mimi sitayagusa. Wala sitakufundisha kuendesha gari. Nilikufundisha mwenyewe kwenye kamionete yangu, kule tambarare ya Bugarama kati ya mashamba ya mpunga, na kama kuna binti mwingine Rusizi nzima anayeweza kurudi kinyumenyume kwenye tuta la mfereji na magunia arobaini ya mchele mgongoni, basi aletwe nimwone. Mikono yako naiamini. Nilipokuchukua, kaka yangu akiwa ametoka kuzikwa na wewe una miaka miwili, mikono hiyo ilinishika ndevu ikakataa kuniachia. Tangu siku ile unaniita Papa, na mimi sijawahi kuwa baba mdogo wa muntu yeyote.

Kinachonila ni maneno uliyosema Jumapili.

Unakumbuka. Watu wamekaa uwanjani, wamekula, wamekunywa, kila mmoja amekwisha kukupongeza kwa kazi ya kuendesha ambulansi huko milima ya kaskazini. Kisha jirani yetu Mama Shange, ambaye mdomo wake haujui Jumapili wala Jumatatu, akakuuliza kwa kukutania: "Na wewe Solo, ile milima hauyijue. Ukipoteya na mugonjwa nyuma, utafanya nini?" Ukasimama na soda mkononi. Ukainua telefone, ukasema njia zote ziko humo ndani. Halafu ukasema: "Na ikigoma, mimi ni mtoto wa Busole. Papa alikutana na mti umeanguka msituni Nyungwe, hakurudi nyuma. Na mimi sitarudi nyuma."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Lakini tangu saa ile chakula hakipiti vizuri, na maman yako anadhani ni tumbo. Ninakuona uko kwenye kilima usichokijua, mama mjamzito nyuma anashika ukuta wa gari, mbele yako njia inazidi kuwa nyembamba, na wewe hurudi nyuma kwa sababu yangu.

Solange, mti ule haukuwako.

Nitaandika polepole ili nisiongeze kitu. Unajua nikiandika haraka wanyama wanaingia.

Ilikuwa mwaka ule nilipopata telefone yangu ya kwanza ya kioo. Ulikuwa na miaka tisa, tulikuacha nyumbani na maman yako. Kabla ya hapo nilikuwa natembea na jina langu tu. Busole ni kile kidude chenye sindano, kinachoonyesha kaskazini hata ukikigeuza mara mia. Ninyi batoto mlikua mkidhani madereva wa hapa ndio walionipa jina hilo. Nilijipa mwenyewe. Nilimlipa mchoraji akaliandika nyuma ya kamionete kwa rangi ya njano, na baada ya mwezi watu wakaniita. Nilikuwa nasema kwamba ukinifunga macho nitakuambia tumefika wapi kwa pua tu: hapa samaki, hapa majani ya chai, hapa mkaa, hapa baridi ya Nyungwe. Hiyo ni kweli kidogo. Mkaa kweli ninaujua.

Basi telefone ilipoingia, nilikuwa na mambo mawili ya kujivunia, pua na satelite. Nilitembea nayo sokoni nikiwaonyesha watu alama ya bluu inayonifuata. Nilikuwa nasimama karibu na mpaka, pale Rusizi ya kwanza, nawaambia wabebaji wa mizigo: mnaona, mashine hii ipo juu mbinguni na inaniona mimi, ninyi haiwajui. Hata ilipovuta mtandao wa Kongo bila kuniuliza na kumaliza inite zangu zote za simu, maana hapa kwetu telefone inaweza kulala Rwanda ikaamka Kongo, sikumwambia mtu.

Ndipo ikaja habari kwamba mjomba wangu amekufa. Huyu alikuwa ndugu wa mwisho wa Koko, mama yangu. Walizaliwa saba, wakalelewa wote upande ule wa Kongo, na waliporudi huku wakatawanyika. Yeye alikwenda kuishi kwa mwanawe kwenye kilima kimoja cha Nyamagabe, ng'ambo ya msitu. Mazishi saa saba mchana. Koko hakulia. Alivaa viatu, akaniomba nimpeleke mpakani, akavuka. Alirudi jioni na kopo la maziwa ya unga, lile la bati, limefungwa kwa kitambaa. Ofisa akamuuliza amebeba nini. Koko akamjibu: "Ni baba na mama." Ulikuwa udongo wa makaburi ya wazazi wao. Alitaka uingie na ndugu yake, ukae chini pamoja na sanduku kabla hawajafunga shimo, ili asilale peke yake mbali na wenzake. Ofisa alimtazama, akamwambia apite.

Unaona nilichokuwa nimepewa kubeba. Mama yangu, na wazazi wake wawili ndani ya kopo.

Mwana wa mjomba alinipigia akataka kunieleza njia. Akaanza: mkishatoka msituni mtaona duka la mabati mekundu, hapo kata kulia, halafu uliza. Nilimkatiza. Nilimwambia: nipe jina la kilima tu, mengine mashine itafanya. Akasema sawa, kaka.

Tuliondoka alfajiri. Nyungwe tuliipita vizuri, ukungu wa kawaida, nyani wa kawaida. Humo ndani mtandao ulipotea, na ile ramani ikawa nyeupe kama shuka, alama ya bluu inatembea peke yake juu ya weupe. Koko akachungulia, akauliza mbona hakuna kitu. Nikamwambia hapo ndipo mashine inafikiri. Kumbe ramani unatakiwa uishushe kwenye telefone kabla ya kuondoka, uwe nayo hata pasipo mtandao. Satelite inakuona bila inite, lakini barabara haikuletei. Hilo sikulijua. Na hilo ni kosa dogo.

Tulipotoka msituni mtandao ukarudi, nikaandika jina la kilima, mstari ukajichora. Ulikuwa mfupi ajabu. Nikamwambia Koko: unaona, yule kijana alitaka kutuzungusha. Duka la mabati mekundu tulilipita, nililiona kwa jicho langu. Mbele kidogo telefone ikaniambia nishike kushoto, katikati ya majani ya chai.

Sasa nikuambie. Juu ya kioo kuna vipicha vidogo: kuna kigari, kuna kijitu kinachotembea. Siku zile nilikuwa nikiitumia sokoni, kwa miguu. Kijitu ndicho kilichokuwa kimewaka. Nilikiona. Sio kwamba sikukiona. Nilidhani kile kijitu ni dereva. Nilidhani ni mimi.

Kwa hiyo mashine ilikuwa inampeleka mtu wa miguu, kwa njia ya miguu, na mimi nilikuwa na kamionete na mama mwenye umri wa miaka sabini na magoti yaliyokufa.

Njia ikapungua. Matawi yakaanza kugonga vioo. Tukamkuta mwanamke amebeba bidoni ya maji kichwani, nikapunguza mwendo ili apishe. Koko akanishika mkono. "Uliza bantu, mwana wangu." Nikasema, "Mama, utaniaibisha." Yule mwanamke akatusalimia, akatazama matairi, akasema bila kuulizwa kwamba gari halipiti huko, turudi mpaka duka la mabati. Yeye mwenyewe alikuwa anapeleka maji kwenye nyumba ya msiba. Nyumba yetu, Solange. Alikuwa anakwenda kule kule tulikokuwa tunakwenda. Nami nikamwonyesha telefone dirishani, nikamwambia: "Mama, mimi ninaongozwa na satelite." Akaitazama kwa heshima, akasema haya, akatupisha.

Mita mia tatu mbele kulikuwa na bonde, na juu ya kijito kulikuwa na daraja: magogo mawili ya mikaratusi, yamelazwa bega kwa bega. Mstari wa bluu ulipita juu yake vizuri kabisa. Nilijaribu kugeuza gari pale pale, sikutaka kurudi kinyumenyume yule mwanamke akaniona. Gurudumu la nyuma likaingia kwenye tope mpaka kwenye ekseli.

Kilima cha msiba kilikuwa ng'ambo ya bonde. Tulikuwa tunaiona nyumba. Tuliona watu wamekaa.

Yule mwanamke hakuwa ametudharau. Alipotupita na kuvuka, alikuwa amewaambia watu kwamba kuna mzee amekwama kule chini na gari. Hata nusu saa haikupita, wakaja wanaume wanne na ingobyi, ile machela ya miti na kamba ambayo watu wa milimani wanabebea wagonjwa kushuka barabarani. Walisema gari watalivuta baadaye, wakitoka kuzika, maana linahitaji watu wengi. Lakini bibi watambeba sasa hivi, wavuke naye, atafika kabla ya saa sita. Mmoja alikuwa ameshatandika blanketi.

Koko alikuwa ameshafungua mlango.

Nikasema hapana. Nilisema, nakuandikia kama nilivyosema: "Mama yangu ametoka Rusizi na gari, atafika na gari. Hatabebwa kama mgonjwa wakati mimi niko hapa." Nilifikiria wale watu wote wamekaa uwanjani, ndugu zangu ambao walikuwa hawajaniona miaka mingi, na Busole anaingia nyuma ya machela kwa miguu, suruali ina tope. Niliwaambia nitalitoa gari kwa dakika kumi. Walitazamana. Yule wa blanketi akamtazama Koko. Koko akanitazama mimi, akaangalia kopo lake, akafunga mlango taratibu. Sijui kwa nini hakunipiga kofi. Nadhani hakutaka kuniaibisha mbele ya watu. Mimi nilimwambia ataniaibisha, naye akanisikiliza.

Dakika kumi. Nilichimba kwa mikono, nikaweka mawe, nikaweka zulia la gari, nikaweka koti langu. Saa saba ikafika. Wakaanza kuimba. Kwenye bonde sauti inavuka vizuri, mwanangu, kila neno lilitufikia. Koko alikuwa kwenye kiti cha mbele na kopo mapajani, akaimba nao kutoka pale pale, sauti ndogo. Nilisikia wimbo ukiisha. Halafu ikaja mipigo ya sepetu. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari. Nilibaki huko, haikuwa na kazi tena lakini nilibaki.

Walipomaliza kuzika, walikuja kama walivyoahidi. Wanaume kama ishirini, hawakusema neno baya hata moja. Waliweka mikono kwenye kamionete, wakasukuma, gari likatoka mara moja. Walipoondoka niliona alama za mikono yao kwenye bati, pembeni mwa jina langu la njano. Udongo mwekundu. Ulikuwa wa kaburi la mjomba.

Tuliingia kwa njia ya duka. Koko alimwaga kopo juu, kwenye maua, kwa kuwa chini kulikuwa kumeshafungwa. Sikuweza kumtazama. Tukarudi jioni ile ile, na tulipoingia Nyungwe mvua ikaanza, mvua kubwa ile ya kugonga paa. Koko akainua macho kwenye paa. Akasema, "Ule udongo, sasa iko inamufikiya."

Hilo ndilo neno pekee alilosema juu ya siku ile mpaka alipokufa.

Tulipofika hapa majirani walikuwa wanatungoja, Mama Shange mbele yao. Akauliza tulizikaje. Nami, kabla sijazima gari, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba mti ulianguka Nyungwe, mnene hivi, nikaukata kwa panga peke yangu, ndiyo tukachelewa. Koko alikuwa amesimama kando yangu. Alinitazama, kisha akaomba maji ya kunywa. Mwaka wa kwanza mti ule ulikuwa unafika kiunoni. Mwaka wa pili ukafika kifuani. Wewe ulipofika miaka kumi na miwili ulikuwa unawasimulia wenzako kwamba ndani yake alilala chui, na chui sikumweka mimi, ulimweka wewe. Nilifurahi sana siku ile. Nilisema, huyu kweli ni mwanangu.

Sasa naogopa hilo hilo.

Wewe hutakosea kijitu na kigari, hilo najua, umesoma. Lakini iko siku utakosea kitu kingine, kitu ambacho mimi hata jina lake silijui. Mstari utakuwa unasema mbele, na mwanamke mwenye bidoni atakuwa anasema nyuma, na wewe utakuwa umevaa sare, na taa zinazunguka juu ya paa, na watu wanakutazama. Siku hiyo usinikumbuke kwenye mti. Nikumbuke chini ya gari. Na wakija wanaume na machela, mwanangu, waachie wambebe. Shuka, shika upande mmoja wa mti, tembea nao. Mgonjwa hajali amefika na nini.

Kumepigwa honi huko nje, nilidhani ni wewe. Ni pikipiki ya jirani.

Kitu cha mwisho. Nimegusa telefone yako, usikasirike. Nilitaka kuweka alama ya nyumba hii, uwe nayo, maana njia yetu haina jina na ramani haitujui. Mara ya kwanza alama ikaangukia ziwani. Mara ya pili ikaangukia Kongo, kwenye uwanja wa mtu. Nilikaa nayo muda mrefu, nikitoka jasho kama ninachimba. Halafu nikavaa kandambili, nikaenda kwa Mama Shange. Ndiyo, yule yule. Yuko na binti anayeuza kadi za simu, lakini hakuwako, kwa hiyo nilimwomba mwenyewe. Nikasema: "Mama Shange, sijue. Nionyeshe."

Aliniangalia kama nimeomba kuoa. Akasema, "Busole, uko mugonjwa?" Kisha akafuta mikono, akachukua telefone, akaifanya kwa dakika mbili. Akanionyesha pia namna ya kushusha ramani ya wilaya yako yote mpya, nimeishusha, iko ndani, hata mtandao ukifa utakuwa nayo. Wakati natoka aliniuliza kama ule mti kweli ulikuwa mnene vile. Nikamwambia haukuwako. Akasema, "Nilijua. Koko alikuwa na tope kwenye viatu, na hakukuwa na hata jani moja kwenye gari." Miaka yote hiyo, Solange. Alijua, na kila mwaka alikuwa ananiuliza unene wake.

Alama imeandikwa NYUMBANI. Nimetoka nje nikaijaribu, nikatembea nayo kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nimewasha kijitu, maana nilikuwa kwa miguu. Imenileta.

Nasikia sauti yako huko chini, unacheka na maman yako. Nafunga.

Papa yako,
aliyepotea akiwa anaiona nyumba